Mndimu wa Ng'ambo, taa ya ng'ambo

Msomaji, kama simu yako ina WhatsApp, nina hakika umeshaiona. Video fupi, haifiki dakika moja. Chumba kisafi, pazia jeupe, chungu kizuri juu ya meza, na ndani yake mlimau mfupi umejaa malimao ya njano. Juu yake inaning'inia taa ya rangi ya zambarau. Kisha sauti ya Kiswahili, ambayo ni wazi imewekwa baadaye, inakuambia kwamba huhitaji shamba, huhitaji jua, huhitaji mvua. Chukua mbegu ya limau uliyokamua kwenye chai, ipande, iwashie taa, mwagilia kila siku, na ndani ya mwaka mmoja unavuna.

Juzi binamu yangu alinitumia moja kutoka Tabora. Chini yake aliandika: "Dada, hii kitu ni kweli? Hela ya asali ya msimu huu ninayo. Nataka nichukue taa kumi nianze miche ya malimao ndani, niuze."

Nilitaka kumjibu hapo hapo kwa neno moja, "Achana nayo." Nikasita. Miaka miwili iliyopita, nikiwa Tabora nakusanya data za utafiti wangu, nilipanga chumba ambacho dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani. Nikanunua taa kama hiyo, wati 20, nikapanda mbegu ya ndimu, nikapiga picha ya zile rangi na kuiweka status. Binamu yangu aliiona na akaniandikia "noma sana". Mche ulipokufa sikuweka picha yoyote. Kwa maana hiyo, sehemu ya matumaini yake niliyapanda mimi.

Ndiyo sababu leo nataka tuzihakiki video hizi kwa utulivu. Simtaji aliyetengeneza yoyote kati yake, kwa sababu zinafanana kiasi kwamba ukiitazama moja umezitazama zote. Swali langu ni hili: wanachosema ni kweli kwa nani, na wapi?

Kwanza tuwape haki yao

Picha za kwenye video huenda si za uongo. Mlimau unaweza kabisa kuishi ndani ya nyumba, na unaweza kuzaa. Watu wa Ulaya wamelifanyia kazi jambo hili kwa karne nyingi. Pale Versailles, Ufaransa, kuna jumba kubwa la mawe lililojengwa kati ya mwaka 1684 na 1686 kwa ajili ya michungwa ya mfalme. Miti hukaa kwenye masanduku ya mbao, inatolewa nje majira ya joto na kuingizwa ndani baridi inapoanza. Wakati huo taa ya umeme haikuwepo, na jumba liliiokoa miti isiuawe na baridi kali.

Taa ilikuja baadaye. Mwaka 1880 mhandisi William Siemens, Mjerumani aliyehamia Uingereza, aliieleza jumuiya ya wanasayansi ya Royal Society majaribio yake ya kuwasha taa za umeme usiku juu ya mimea. Alionyesha kwamba mimea inautumia mwanga wa umeme kukua. Kwa hiyo wazo lenyewe lina umri wa zaidi ya miaka 140 na sayansi yake ni halali. Mtu wa Oslo au Toronto anayeweka taa juu ya mlimau wake mwezi wa Desemba anafanya jambo la akili.

Shida inaanza ushauri uleule unapopanda ndege hadi Tabora bila mtu kuuliza kama tatizo lililoufanya uzaliwe lipo huku.

Hesabu ya mwanga

Macho yetu ni vipimo vibaya sana vya mwanga. Mboni hufunguka na kujibana, na ubongo unasawazisha, kwa hiyo chumba chenye taa tunakiona "kinawaka" karibu sawa na nje. Jaribu mwenyewe: pakua programu ya bure ya kupima mwanga kwenye simu. Ndani ya chumba chenye taa ya kawaida utaona luksi mia kadhaa. Toka nje saa sita mchana penye jua wazi, namba inakimbilia luksi 100,000. Jicho linasema tofauti ni ndogo. Jani linajua kwamba tofauti ni mara mamia.

Kwa mimea, wanasayansi hupenda kuhesabu fotoni, yaani chembe za mwanga zinazoweza kutumika kwenye usanisinuru, kwa kipimo kinachoitwa moli. Chukulia moli kama debe. Tunauliza: kwa siku nzima, mita moja ya mraba inapata madebe mangapi ya mwanga?

Tabora iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwenye uwanda wa mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kwa wastani hupokea karibu madebe 40 kwa siku. London mwezi wa Desemba hupata matatu au manne. Hapo umeshaona kwa nini taa ilibuniwa kule.

Sasa ile taa yangu ya wati 20. Tuipendelee kidogo. Tuseme kila joule ya umeme inatoa mikromoli 2 za mwanga unaofaa, tuseme zote zinaangukia mita moja ya mraba, na inawaka saa 12 kila siku. Jibu ni debe 1.7 hivi. Yaani katikati ya Tabora, mji wenye jua la kumwaga, nilikuwa nimeutengenezea mndimu wangu siku yenye giza kuliko Desemba ya London. Na nililipia.

Je, tukitumia taa kubwa na nzuri zaidi? Mlimau unaotakiwa kuzaa vizuri tuupe madebe 20, nusu tu ya jua la Tabora. Taa bora ya mikromoli 2.5 kwa joule itahitaji takribani uniti 2.2 za umeme kwa siku kwa mita moja ya mraba. Kwa mwezi ni uniti kama 66. Kwa bei zilizotangazwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani hulipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, na akivuka hapo kila uniti inapanda hadi 350, bila kodi. Kwa hiyo mti mmoja unakula karibu LUKU yote ya bei nafuu ya familia, na kuwaachia uniti 9 za kuchajia simu, kuwashia redio na taa za kusomea watoto. Ukiwa kwenye kundi la shilingi 292, mti huo unakutoza zaidi ya shilingi 19,000 kila mwezi, kabla ya kodi. Kwa malimao mangapi? Sokoni Tabora hela hiyo inakununulia fungu la ndimu la kulia migebuka ya Kigoma wiki baada ya wiki.

Kuna jambo jingine ambalo video hazigusi. Jani la mti wa jamii ya michungwa hushiba mwanga kwenye karibu theluthi moja ya jua kali la adhuhuri. Unaozidi hapo haulisaidii, unalipasha joto tu. Ndiyo maana vitalu vya huku vinaezekwa nyasi au neti ya kivuli. Tatizo la mche mchanga Tabora mara nyingi ni jua kuzidi. Kumpelekea taa ni kama kumuuzia mtu wa Ujiji maji ya ziwa kwenye chupa.

Ile rangi ya zambarau

Video nyingi zinadai kwamba mimea hutumia mwanga mwekundu na wa bluu tu, na kwamba kijani "kinatupwa", ndiyo maana majani ni ya kijani. Nusu ya sentensi hiyo tunaifundisha wenyewe shuleni, kwa hiyo siwezi kuwacheka sana. Klorofili ikiwa kwenye chupa ya maabara, kweli hupenda zaidi mwekundu na bluu. Lakini jani zima si chupa. Mwaka 1972 mtafiti Keith McCree alichapisha vipimo vya majani ya aina 22 za mazao chini ya rangi mbalimbali za mwanga, na mwanga wa kijani ulifanya kazi ya usanisinuru vizuri tu, ingawa chini ya mwekundu. Kijani tunachokiona ni kile kidogo kinachoponyoka. Sehemu kubwa inanaswa, na kwa kuwa inapenya ndani zaidi, inalisha chembe za katikati ya jani ambazo mwekundu na bluu haziwafikii vizuri.

Zambarau, kwa hiyo, ni uamuzi wa kubana umeme kwenye taa za LED, na siku hizi wakulima wengi wa ndani wanatumia taa nyeupe. Kwenye video inabaki kwa sababu inapendeza. Inaonekana ya kisayansi. Na ina hasara moja ambayo mimi niliipata: chini ya zambarau majani yote yanaonekana meusimeusi, huwezi kuona yanapoanza kugeuka njano. Utitiri ulikuwa umeujaa mche wangu kwa wiki kadhaa kabla sijauona. Ndani ya nyumba hewa ni kavu, mvua haioshi majani, na wadudu wanaowala utitiri hawaingii. Ule usafi wa chumba kwenye video ndio unaowafaa wadudu wasumbufu.

Mbegu ya kwenye chai

Hapa ndipo video zinapodanganya zaidi, na hapa pia ndipo historia ya Tabora inapotusaidia.

Mndimu, mlimau na mchungwa si miti ya asili ya huku. Asili yake ni Asia. Ilifika pwani yetu kwa majahazi, kisha ikapanda bara na misafara: Bagamoyo, Ugogo, Unyanyembe, hadi Ujiji. Burton na Speke walipofika Kazeh mwaka 1857, na Livingstone alipokaa kwenye tembe la Kwihara mwaka 1872, Unyanyembe ilikuwa tayari kituo kikubwa cha Waarabu, Waswahili na Wanyamwezi, wafanyabiashara na wapagazi, na watumwa ambao hawakuuliza kuja. Miembe mikubwa ya Tabora ndiyo watu wanaoikumbuka zaidi kutoka enzi hizo. Ndimu inasahaulika kwa kuwa ni mti mfupi wa nyuma ya jiko.

Mti huo ulisafirije? Mbegu za jamii hii zina tabia mbili za ajabu. Ya kwanza: zikikauka sana zinapoteza uwezo wa kuota. Msafara kutoka pwani hadi Tabora ulichukua miezi mitatu au zaidi, kwa hiyo nadhani miti ilisogea kwa hatua, bustani moja ikizaa mbegu za bustani inayofuata, kuliko kubebwa mfukoni safari nzima. Ya pili: mbegu moja ya ndimu mara nyingi huwa na viinitete zaidi ya kimoja, na vingi kati yake havitokani na chavua. Vinatokana na mwili wa mama mwenyewe. Ukipanda mbegu, unaweza kupata mti ambao ni nakala ya mama. Bila kisu wala utaalamu wa kubebesha, mtu wa msafara aliweza kupanda mbegu Unyanyembe na kupata ndimu ileile aliyoizoea Zanzibar.

Kwa hiyo video ziko sahihi kwamba mbegu inafaa. Tatizo ni huo mwaka mmoja. Mti uliotoka kwenye mbegu unaanza upya utoto, hata kama ni nakala ya mama. Una miiba mingi, unarefuka, na hautoi maua mpaka umekua kiasi fulani, kwa kawaida miaka 3 hadi 8 kutegemea aina, na baadhi ya michungwa huzidi hapo. Kinachouvusha kwenda utu uzima ni ukuaji wenyewe: urefu, idadi ya vifundo, wingi wa majani. Sasa fikiria mche unaopata debe 1.7 kwa siku. Wangu baada ya miezi 14 ulikuwa na urefu wa rula moja na nusu ya shule. Kwa mwendo ule ungebalehe mimi nikiwa bibi.

Ule mti wa kwenye video, mfupi na umejaa matunda, kwa vyovyote ni wa kubebesha. Mkulima alichukua kikonyo kutoka mti mzima ambao umeshazaa na kukiunganisha kwenye shina changa. Kikonyo hakirudi utotoni. Kinaweza kutoa maua ndani ya miaka miwili au mitatu, wakati mwingine mapema zaidi. Kutuonyesha mti wa kubebesha huku ukituambia "panda mbegu" ni sawa na kumpiga picha mtoto wa jirani aliyemaliza chuo na kusema ndiye uliyejifungua mwaka jana.

Kiangazi kina kazi yake

Shangazi yangu anakaa Ng'ambo, kata ya hapo hapo Tabora mjini. Nyuma ya jiko lake kuna mndimu ambao yeye mwenyewe aliukuta. Maji yake ni yale ya kuoshea vyombo, na kiangazi, maji yanapokuwa ya shida, hata hayo ni machache. Nilipokwenda kumsalimia na kumweleza habari za mche wangu wa kwenye taa, alicheka akaniuliza, "Unaumwagilia kila siku?" Nikamwambia ndiyo, shangazi, asubuhi na jioni. Akasema, "Basi unaudekeza. Ukiudekeza, unakupa majani."

Nilikuwa na shahada ya pili kichwani na sikuona kwamba ameniambia sayansi nzima.

Miti ya jamii ya michungwa haifuati sana urefu wa mchana katika kuamua kutoa maua. Inangoja dhiki. Kwenye nchi za baridi, dhiki hiyo ni wiki kadhaa za ubaridi. Kwenye tropiki ni ukame: mti unakaa wiki kadhaa na kiu, ukuaji unasimama, kisha mvua au maji yanaporudi, vikonyo vinapasuka vikiwa na maua. Mndimu na mlimau huchanua mara kadhaa kwa mwaka, lakini wimbi kubwa hufuata utaratibu huo.

Angalia kalenda ya Tabora. Mvua inaanza Novemba na kuisha Aprili hivi. Mei mpaka Oktoba ni kukavu, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 15. Ubaridi kidogo na kiu kingi, kisha mvua. Ni kama mtu aliiandika ratiba hii kwa ajili ya mndimu. Tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi kabisa hapa haifiki dakika 40, wakati London inakaribia saa 9. Kwa hiyo ule ushauri wa "washa taa saa 16 ili mti ujue ni majira ya joto" unamjibu mtu ambaye majira yake yanabadilika kwa mwanga. Ya kwetu yanabadilika kwa maji.

Chumba changu kilikuwa na joto lilelile, taa ileile na maji yaleyale siku zote. Nilikuwa nimeufutia mti kalenda. Hata kama ungekuwa wa kubebesha, hata kama taa ingekuwa na nguvu mara kumi, ungeweza kukaa tu ukitoa majani, ukingoja dhiki isiyokuja.

"Hauna magonjwa"

Video zinadai kwamba mti wa ndani hauugui. Hapa nataka tuende taratibu, maana ndipo hela ya binamu yangu inapogusa watu wengine.

Tuanze Oman, ambako ndugu wa familia nyingi za Tabora bado wako. Jua wanalo kutuzidi. Ndimu wanaithamini kupita kiasi: wanaila mbichi, wanaikausha ikawa nyeusi, wanaitia kwenye mchuzi. Lakini tangu miaka ya 1970 mindimu yao imeuawa kwa wingi na ugonjwa unaofanya matawi yachipue vijani vidogo vilivyosongamana kama fagio. Ni vimelea vinavyokaa kwenye mishipa ya chakula ya mti, na kupanda miche yenye ugonjwa kulichangia kuueneza. Hakuna mwanga ambao ungeuokoa mti huo.

Sisi tuna wetu. Kuna bakteria wanaofanya majani ya michungwa yawe na mabaka ya njano na matunda yabaki madogo, ya kijani na machungu. Mti ukishaupata ugonjwa huo haujapatikana bado wa kuuponya. Afrika unasambazwa na mdudu mdogo mfyonza utomvu aitwaye Trioza erytreae, ambaye hupenda zaidi nyanda za baridi. Lakini mwaka 2016 watafiti walichapisha taarifa ya kwanza ya mdudu wa Asia, Diaphorina citri, kuonekana Afrika Mashariki, na alionekana hapa hapa Tanzania. Huyu anavumilia joto. Kwa sehemu kama Tabora hiyo ni habari kubwa kuliko taa yoyote.

Njia ya msafara haijafungwa, unaona. Siku hizi inapita kwenye buti la basi. Mtu ananunua miche Muheza au Morogoro kwa sababu huko ndiko michungwa iliko, anaifunga kwenye kiroba, kesho yake iko Tabora. Miche ikiwa safi, amefanya kama watu wa zamani. Ikiwa na mdudu, ameuleta ugonjwa kwa kila mndimu wa nyuma ya jiko, wa shangazi ukiwemo. Anayetaka biashara ya miche anapaswa kuumiza kichwa kwanza na swali hili: shina na vikonyo vyangu vimetoka wapi, na nani amevikagua?

Taa ina mahali pake

Sitaki uondoke ukidhani naichukia taa. Kwenye maabara za tishu, kama ile ya TARI Mikocheni, vimea vidogo hukuzwa kwenye chupa chini ya taa, rafu juu ya rafu. Huko inafaa kwa sababu vimea vinakula sukari iliyowekwa kwenye chupa, kwa hiyo mwanga mdogo unatosha, na kinachonunuliwa ni usafi dhidi ya vimelea. Inawafaa pia watafiti wanaotaka kila mche upate mwanga sawa kabisa. Na kama unasoma haya ukiwa Stockholm, na unatamani kuwa na mlimau utakaokukumbusha nyumbani, nunua wa kubebesha, uwashie taa nyeupe yenye nguvu wakati wa baridi, na uutoe nje Juni. Kwako ushauri umefika kwenye anwani yake.

Hukumu yangu juu ya video hizi ni kwamba zina ukweli wa mahali pengine. Zinaonyesha tunda na kuficha kisu cha kubebeshea, bili ya umeme na majira ya baridi yaliyozizaa. Aliyeweka sauti ya Kiswahili alitafsiri maneno na kuliacha tatizo kule kule lilikotoka. Na sisi wenye shahada tunaoweka picha za mwanzo tu, bila za mwisho, tunazisaidia.

Nilimpigia simu binamu yangu. Nikaanza kwa kumwambia mche wangu ulikufa, na kwamba nilipaswa kumwambia miaka miwili iliyopita. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe." Nikamwambia asinunue taa hata moja. Hela ya taa moja inaweza kununua viriba, na hela ya taa kumi inaweza kujenga banda dogo lenye neti ya kuzuia wadudu. Mashina aoteshe mwenyewe kwa mbegu za limau la kienyeji, ambalo mizizi yake huenda chini na kuvumilia ukame, ila achunge maji yasituame shinani, maana hapo linaoza kirahisi. Kabla ya kukata kikonyo chochote aende TARI Tumbi, si mbali na mji, aulize wanajua nini kuhusu mche safi na nani anaweza kumfundisha kubebesha. Nikamwambia pia kwamba hata hivyo biashara inaweza isilipe haraka, kwa hiyo asiuze mizinga.

"Na kikonyo, cha mndimu wa mama kitafaa?" akaniuliza.

Nikamwambia aukague kwanza: majani yenye mabaka yasiyolingana pande mbili, vichipukizi vilivyojikunja, wadudu chini ya majani, na awapelekee Tumbi tawi walione. Jioni yake akanitumia picha. Safari hii haikuwa na taa ya zambarau. Ilikuwa jani moja la mndimu kwenye kiganja, limepigwa uani Ng'ambo kwenye jua la saa kumi, na chini yake swali: "Hili doa ni la kawaida?"

Nimelikuza mara nne na bado naliangalia.